Kwa nini waya mmoja kwenye VHDL una hali tisa

Ukitoka kwenye programu za kawaida unaingia VHDL, lugha ya kuelezea saketi za kidijitali, ukijua waya ni 0 au 1 basi, halafu unawasha simulesheni unakuta U zimejaa skrini nzima. Hiyo ndo std_logic, aina ya thamani ambayo waya unaweza kubeba, imetoka kwenye stendadi ya IEEE 1164 ya mwaka 1993, na alama zake ni U, X, 0, 1, Z, W, L, H na kistari.

0 na 1 ni waya unaosukumwa kwa nguvu. L na H ni zilezile ila dhaifu, zinapitia rezista. Z maana yake umeachiwa, hakuna anayeusukuma. X ni ugomvi, huyu anaweka 0 yule anaweka 1 kwa wakati mmoja, na W ni ugomvi huohuo wa wanyonge (sijui nani anaiandika kwa mkono). U ni signali ambayo hujaipa kitu bado, na imewekwa ya kwanza makusudi kabisa, maana VHDL signali usiyoipa thamani ya kuanzia inachukua ile ya kushoto kabisa kwenye aina yake, kwa hiyo ukisahau riseti (kurudisha saketi kwenye hali ya kuanzia) utaiona hiyo U tu.

Zinapokuwa tamu ni kwenye I2C, njia ya chipu kuongea kwa waya mbili tu. Laini ya SDA, ile inayobeba data, kila chipu inaweza kuivuta chini tu, ikimaliza inaiachia, na rezista ndo inairudisha juu, sasa kwenye testibenchi (kodi ya kujaribia saketi yako) unaandika sda <= 'H' pembeni, chipu zinaweka '0' au 'Z'. Z na H zikikutana unapata H, 0 na H unapata 0, safi. Ila ukiandika if sda = '1' haiingii ng'o, kwa sababu H sio 1 kwenye ulinganisho, inabidi to_X01(sda) = '1', hiyo to_X01 inageuza H kuwa 1.

Halafu VHDL haijali herufi kubwa na ndogo, lakini ndani ya alama za nukuu inajali, ukiandika 'z' kompaila inakataa.

Verilog, lugha nyingine ya kazi hiyohiyo, wao wana nne tu, 0, 1, x na z, unguvu na udhaifu umewekwa kando. Mi naona tisa ni afadhali, isipokuwa kile kistari: kinasema "vyovyote", ila ukilinganisha na "1--" kwa alama ya = ya kawaida, "101" haikubaliki, kistari kinataka kistari mwenzake. Tumia std_match, funksheni ya kulinganisha inayokijua kistari.