Roki mpya na madeni yake: nani hasa anamdai nani?

Kila inapotoka albamu mpya ya magitaa, hakosi mtu wa kusikiliza wimbo mmoja na kutoa hukumu: "Hii tulishaisikia." Mara nyingi hajakosea. Anapokosea ni katika kumtaja anayestahili kudai.

"Wakongwe walibuni, vijana wananakili"

Dhana hii imeota mizizi kuliko zote. Greta Van Fleet, ndugu watatu na rafiki yao kutoka Michigan, walisemwa tangu mwanzo kwamba ni Led Zeppelin, bendi kongwe ya Uingereza, waliorudi duniani, na hata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki waliyopewa mwaka 2019 haikuwafunga watu midomo. Wanafanana kweli, hasa mwimbaji anapopandisha sauti.

Lakini Led Zeppelin wenyewe walikopa bila haya. "Whole Lotta Love" ya 1969 ilichukua maneno ya wimbo wa mtunzi wa bluzi Willie Dixon ambao Muddy Waters aliurekodi mwaka 1962. Dixon alishtaki mwaka 1985, wakapatana nje ya mahakama, na sasa jina lake limo kati ya watunzi. "When the Levee Breaks" ya 1971 ni wimbo wa Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie wa mwaka 1929, unaohusu mafuriko ya Mto Mississippi ya 1927.

Sasa usikilize huo wa 1971, sekunde chache tu za mwanzo. Ngoma za John Bonham ziliwekwa chini kwenye ukumbi wa ngazi wa Headley Grange, nyumba kuukuu ya Uingereza, na maikrofoni mbili zikaning'inizwa juu, ghorofani. Kila pigo linakuja na mwangwi wa kuta zile, zito kama mlango wa ghala unaojifunga. Memphis Minnie na mwenzake walikuwa na magitaa mawili na sauti ya mtu mmoja. Wimbo ulikopwa, ukumbi ule ni wao. Ndiyo maana kwa albamu mpya nina swali moja: ukumbi wako uko wapi? Katika kazi za mwanzo za Greta Van Fleet nimeutafuta, sijauona.

"Kufanana ni wizi"

Sheria haisemi hivyo. Kordi za kawaida na mzunguko wa bluzi wa baa (vipimo vya mapigo) kumi na mbili havina mwenyewe. Led Zeppelin waliposhtakiwa kwamba mwanzo wa "Stairway to Heaven" ulitoka kwa bendi ya Spirit, baraza la wazee wa mahakama liliwapa ushindi mwaka 2016, na rufaa ikauthibitisha mwaka 2020.

Wakongwe nao wengi hawana kinyongo. The Strokes walikiri kwamba "Last Nite" ya 2001 imejengwa juu ya "American Girl" ya Tom Petty. Petty alisema ilimchekesha tu, na mwaka 2006 walimfungulia baadhi ya matamasha. Olivia Rodrigo alipolaumiwa mwaka 2021 kwamba gitaa la "Brutal" ni la Elvis Costello, aliyemtetea ni Costello mwenyewe, akikumbusha kwamba naye alichota kwa Bob Dylan, na kabla ya Dylan kulikuwa na Chuck Berry. Fuata uzi huo na utajikuta kwenye wimbo wa Berry wa mwaka 1956.

Kuchukua kipande cha rekodi yenyewe ni kesi nyingine. The Verve walitumia kipande cha fidla kutoka toleo la okestra la wimbo wa Rolling Stones kwenye "Bitter Sweet Symphony" ya 1997, na utunzi ukaandikwa kwa Jagger na Richards. Wawili hao walimrudishia Richard Ashcroft, mwimbaji wa The Verve, haki hizo mwaka 2019. Kichekesho ni kwamba wimbo huo wa Stones, "The Last Time", ulitokana na wimbo wa injili ambao Staple Singers walikuwa wameshaurekodi.

"Indi inadaiwa na majina makubwa ya redioni"

Hata kundi lenyewe la "roki kongwe" ni mpangilio wa vituo vya redio vya Marekani vya miaka ya 1980, na bendi za indi, yaani zinazojitegemea nje ya kampuni kubwa za muziki, zimekopa sana kwa waliobaki nje yake. Albamu ya kwanza ya Velvet Underground, ya 1967, iliuza kidogo. Ya Big Star, ya 1972, ilisifiwa na wahakiki huku madukani haipatikani kwa sababu ya usambazaji mbovu. Rekodi hizo ziliishi kwa kupitishwa mkono kwa mkono, na waliozipokea wakaanzisha bendi.

Siku hizi njia ni za ajabu zaidi. Kwenye *Manning Fireworks* ya 2024, gitaa la MJ Lenderman linakwaruza na kuburuta miguu kwa namna ambayo shabiki wa Neil Young ataitambua mara moja. Wimbo wa mwisho unamleta mtu aliyekesha akicheza wimbo wa Ozzy Osbourne kwenye mchezo wa video. Deni limepitia kwenye gitaa la plastiki la kuchezea mchezo! Huo, kwangu, ni ukumbi.

"Nunua vifaa vya zamani, upate mlio wa zamani"

Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatumia nyuzi nyepesi na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Mlio mzito unaoigwa hadi leo ulitoka humo. Haununuliki.

"Ni mambo ya Waingereza na Wamarekani"

Mdou Moctar wa Niger, aliyetoa *Funeral for Justice* mwaka 2024, anaimba Kitamasheki, lugha ya Watuareg, na hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, bila kipigio. Wahakiki humfananisha na wapiga gitaa wa Marekani, Hendrix na Van Halen. Ila aliyemtia hamu ya gitaa ni Abdallah Oumbadougou, mpigaji wa Kituareg, na kwa kuwa hakuwa na gitaa, alijiundia la kwanza, nyuzi zake zikiwa waya za breki za baiskeli.