Wali mweupe: pima ulioiva, usipime mchele

Wiki iliyopita bi mkubwa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliingia kliniki na mfuko mtupu wa mchele ndani ya mkoba. Aliukunjua mezani, akaniwekea kidole kwenye maandishi ya nyuma.

"Mwanangu, hapa pameandikwa kalori 360 kwa gramu 100. Sahani yangu nimeipima, gramu 400. Si zaidi ya 1,400 hizo? Nitakula nini tena mpaka usiku?"

Alikuwa ameambiwa ana sukari miezi miwili nyuma. Tangu siku hiyo wali aliuacha, akawa anakula mkate mweupe na chai mchana, watu wa nyumbani wakipakuliwa wali mbele yake. Nilimwonea huruma, maana kuzidisha alizidisha sawa. Ila mfuko unazungumzia mchele, na yeye alipima wali.

Kiswahili kimetutengea maneno matatu: mpunga ukiwa na maganda, mchele ukishakobolewa, wali ukishaiva. Kwa sisi tunaohesabu lishe, maneno hayo ni vitu vitatu tofauti kabisa. Nyumbani kwangu nilichukua nusu kilo ya mchele, nikaupika kama tupikavyo Mombasa: maji yakakauka, nikafunika, nikapalia makaa juu ya kifuniko. Ulipoiva niliweka sufuria juu ya mizani na kutoa uzito wa sufuria yenyewe. Nikapata kilo 1.4 za wali. Ile nyongeza ya gramu 900 ni maji, na maji hayana kalori. Nusu kilo ya mchele ina kalori kama 1,820; zilezile 1,820 sasa zimetawanyika ndani ya kilo 1.4.

Kwa hiyo gramu 100 za wali mweupe mtupu, bila nazi wala mafuta, zina kalori 130 hivi. Humo wanga ni gramu 28, protini gramu 2.7, mafuta hayafiki hata nusu gramu, na nyuzinyuzi ni gramu 0.4 tu. Karibu gramu 68 ni maji. Sahani ya bi mkubwa ikawa kalori 520. Aliposikia alivuta pumzi ndefu, akakunja mfuko wake akaurudisha mkobani.

Lakini sikumwachia hapo. Kalori 520 si nyingi kwa mlo wa mchana, ila ndani yake mna wanga gramu 112, na wanga huo mwili huugeuza sukari haraka. Kuna kipimo cha kasi hiyo ambapo glukosi tupu hupewa 100. Wali mweupe kwa wastani hupata kama 73. Mkate mweupe aliokuwa akijifariji nao hupata 75. Maana yake aliacha chakula anachokipenda akachukua kingine kinachompandisha vilevile.

Aina ya mchele nayo ina neno. Wanga wa mchele umeundwa kwa sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Mchele wenye amilosi nyingi huchambuka, punje moja moja, na tumbo huchukua muda kidogo kuuvunja. Wenye amilosi chache hushikana na humeng'enywa upesi. Ndiyo maana basmati kwa kawaida hupandisha sukari polepole kuliko mchele wa punje fupi unaonata. Mpishi wa Mombasa anayechunga wali wake usitoke bokoboko, bila kujua anamsaidia mgonjwa wa sukari, kwa sababu hata mchele mzuri ukipikwa ukavurugika wanga wake hufunguka zaidi.

Upande ambao wali mweupe ni maskini kweli ni vitamini na madini. Katika kukobolewa na kung'arishwa, pumba huondoka na kiini huondoka, na humo ndimo vilimokuwa vitamini B1, magnesi na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi. Gramu 100 za wali usioongezwa kitu zina B1 miligramu 0.02, wakati mtu mzima anahitaji miligramu 1.1 au 1.2 kwa siku. Mwishoni mwa karne ya 19 kule Batavia, ambayo leo ni Jakarta, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa wali wa mchele uliong'arishwa wakilemaa miguu kama wagonjwa wa beriberi, maradhi ya kukosa vitamini B1, na walipopewa mchele wenye pumba wakapona. Kazi hiyo ilifungua njia ya elimu ya vitamini, naye akapata tuzo ya Nobel mwaka 1929. Hapa Kenya, unga wa mahindi na wa ngano unaosagwa viwandani umetakiwa kisheria uongezwe vitamini na madini tangu 2012. Mchele haukuwekwa kwenye sharti hilo, ingawa huku Pwani kuna nyumba ambazo wali hupikwa mara nyingi kuliko sima. Naliona ni pengo, na nitaendelea kulisema.

Mchele wa kahawia, ulioondolewa maganda tu ukabaki na pumba yake, una nafuu: magnesi mara tatu hivi, nyuzinyuzi mara nne. Anayeuweza aununue. Mimi siwasukumi wagonjwa wangu huko kwa sababu bei yake huwashinda wengi, na kwa sababu kasoro za wali mweupe wazee wetu walishazipatia jawabu kwenye kitoweo. Protini ya mchele ina upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Mbaazi, kunde, pojo, kamande na maharagwe vina laisini tele. Weka mbaazi juu ya wali, na kilichopungua huku kinajazwa na kule. Nyuzinyuzi za mbaazi pia hupunguza mwendo wa sukari kuingia damuni. Samaki akiwepo, hata kipande kimoja cha jodari kutoka soko la Marikiti, protini imetimia.

Kachumbari isiachwe, na ndimu ikamuliwe kwa moyo. Vitamini C ya ndimu na nyanya husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi. Wali wenyewe una miligramu 0.2 tu kwa gramu 100. Chai nzito mara baada ya kula hufanya kinyume, huzuia chuma hicho. Kwa wajawazito nasisitiza sana: chai ingoje saa moja au mbili.

Sasa nazi, maana bi mkubwa aliniuliza akiwa ameshika mlango. Kikombe kimoja cha tui zito, kama mililita 240, kina kalori zinazopita 500, karibu zote za mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni yale yanayoganda. Ukikipika na ile nusu kilo ya mchele, sahani ya gramu 400 inatoka 520 inafika karibu 670. Sikumkataza wali wa nazi. Nilimwomba auweke Ijumaa, na siku hiyo mbaazi zipikwe bila tui.

Tulipatana hivi kwa siku nyingine: wali gramu 150, ambao ni kama kikombe kimoja cha chai kilichojaa, kalori 195, mbaazi kiasi hichohicho, mchicha na kachumbari nusu ya sahani. Mwiku anaruhusiwa kula. Wali uliolala kwenye friji hupata wanga sugu kidogo, ambao hauvunjwi tumboni, na sehemu yake hubaki hata ukipashwa moto. Lakini lazima uwe umelala kwenye friji, tena uingie ndani ya saa moja au mbili tangu uive. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa. Wali ukiachwa jikoni usiku kucha kwa joto la Mombasa, bakteria hao huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo kuipasha moto hakuiondoi.

Juzi alinipigia simu. Sukari ya asubuhi ilikuwa imeshuka, alisema, na alitaka ruhusa moja zaidi.

"Na ukoko je, mwanangu?"

Nikamwambia ukoko ni wali uliokauka maji, kwa hiyo gramu zake zina kalori na wanga mwingi kuliko wali laini wa juu. Akikwangua kipande cha ukubwa wa kiganja, apunguze vijiko vitatu vya wali sahanini.