Je, wajua maji ya rejeta huenda wapi wakati hakuna hata tone chini ya gari?

Mwenye gari Malindi akifungua boneti asubuhi na kukuta maji ya rejeta yameshuka, jibu atakalopewa barazani ni moja: hilo ni joto la huku kwetu, gari Pwani lazima linywe maji. Basi anaongeza kidogo, anafunga, anaenda zake. Wiki ya pili, vilevile. Jibu hilo limeenea kuliko ukweli wenyewe, na limeharibu injini ambazo zingeokolewa kwa kubadilisha kifuniko au klipu ya mpira.

Injini hainywi maji. Petroli huungua ikaisha, na hata oili huungua kidogo kwenye injini iliyochoka, lakini maji ya kupoza hayana kazi ila kuzunguka: pampu huyasukuma kwenye bloku, yakapanda kwenye silinda hedi, yaani chuma kinachofunika silinda kwa juu, yakateremka kwenye rejeta kupoa, kisha yakarudi pampu. Njia nzima imefungwa, na hakuna mahali katika mzunguko huo ambapo maji hutumika yakamalizika. Joto la nje halibadilishi jambo hilo. Themostati, yaani vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda rejeta yakipata moto, katika magari mengi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi, kwa hiyo maji ndani ya injini hukaa karibu na nyuzi 90, gari liwe Malindi au Limuru. Hewa ya nyuzi 33 badala ya 20 huipa rejeta kazi zaidi na feni huwaka mara kwa mara, lakini hewa ya moto haitoboi mpira. Maji yakipungua, yana mahali yalipopitia.

Imani hii ina asili yake. Magari ya zamani hayakuwa na kitangi cha akiba. Maji yakipata moto yalivimba, ziada ikamwagika barabarani kupitia kipaipu kidogo shingoni mwa rejeta, na injini ikipoa iliingiza hewa mahali pa maji yaliyomwagika. Dereva wa enzi hizo alikuwa sahihi kubeba dumu la maji safari nzima. Mtindo wa gari umebadilika, desturi ya dumu imebaki. Leo kitangi cha plastiki kilicho kando ya rejeta hupokea ziada na kuirudisha, na chini ya uangalizi wa kawaida kinaweza kukaa miezi mingi bila kuongezwa kitu. Upungufu mdogo sana kwa mwaka hutokea, kwa kuwa kitangi hicho katika magari mengi hupumua hewa ya nje. Zaidi ya hapo kuna njia iliyofunguka.

Sehemu inayostahili kueleweka kwanza ni kifuniko cha rejeta, kwa sababu ni rahisi kuliko vyote na ndicho kinachosahauliwa. Chukua sufuria ya maharagwe, ifunike, kisha weka jiwe juu ya kifuniko. Mvuke utataka kutoka, jiwe litaukatalia. Jiwe likiwa zito, presha ndani itapanda kwanza, na maji yaliyobanwa hivyo huchelewa kuchemka. Ndani ya kifuniko cha rejeta kuna springi inayofanya kazi ya jiwe hilo. Uzito wake umeandikwa juu ya kifuniko: mara nyingi 0.9 au 1.1 kwa kipimo cha baa, au 88 au 108 kwa kipimo cha kilopaskali. Hapa usawa wa bahari maji matupu huchemka kwa nyuzi 100. Yakiwekewa springi ya 1.1 huchemka karibu na nyuzi 120, na yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti, ile dawa ya rangi ya kutia kwenye rejeta, hukaribia nyuzi 130. Pengo hilo kati ya 90 za kazi na 130 za kuchemka ndiyo salama yako yote.

Springi ikichoka, au mpira wa kifuniko ukikauka na kupasuka, jiwe limekuwa jepesi. Hapo hutokea jambo la ajabu ambalo wenye magari wengi hawalioni, kwa sababu linatokea wakiwa wameshaondoka. Ukizima injini, pampu husimama papo hapo, lakini chuma cha hedi bado kina moto mkali. Maji yaliyotuama ndani yake huendelea kupata joto kwa dakika kadhaa baada ya funguo kutolewa. Kifuniko kizima huyazuia. Kifuniko kilichochoka huyaachia: yanachemka pembezoni mwa silinda, mvuke unayasukuma kwenye kitangi, kitangi kinajaa na kumwagika juu ya chuma cha moto au mchangani. Saa moja baadaye pamekauka. Gari limepoteza maji likiwa limeegeshwa kivulini, na mwenyewe anashangaa.

Kifuniko hicho kina vali ya pili, ndogo, katikati, inayofunguka kuelekea ndani. Injini ikipoa maji husinyaa, na vali hiyo huruhusu rejeta kuvuta tena kile ilichotema kwenye kitangi. Ikikwama, utaona dalili mbili asubuhi: mpira wa juu wa rejeta umebonyea, na kitangi kimejaa ilhali rejeta yenyewe ina upungufu. Ndiyo maana kuangalia kitangi peke yake hakutoshi. Walau mara moja kwa mwezi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta uone maji yamefika shingoni.

Anayepanda Nairobi na ajue hili: kule juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 94 au 95. Jiwe ni lilelile, ila hewa inayolisaidia kukandamiza ni nyepesi. Kifuniko kibovu kinaweza kuvumilia Malindi na Watamu mwaka mzima kikaumbuka siku ya safari ya bara.

Kabla ya kutafuta tundu, ondoa kwanza hofu za bure. Mchanganyiko wa kulanti huvimba kwa takriban asilimia 4 hadi 5 kutoka baridi hadi joto la kazi. Gari dogo la injini ya lita 1.5 hubeba kama lita 5, kwa hiyo kitangi hupanda na kushuka kwa karibu mililita 200 kila safari. Ukipima jioni kukiwa moto, ukapima tena asubuhi, utaapa kwamba kuna mwizi. Pima baridi kwa baridi, mahali palepale, pasipo mteremko. Wanaoacha magari Mokowe wakavuka kwenda Lamu wana nafasi nzuri kuliko wote: gari limelala siku mbili, injini imepoa hadi ndani, na alama utakayoiona kabla ya kuwasha ni ya kuaminika.

Hofu ya pili ni maji chini ya gari. Kwa unyevu wa hewa yetu, ekondisheni hukusanya maji mengi na kuyatiririsha chini, kwa kawaida upande wa abiria wa mbele. Yaguse: hayana rangi, hayana harufu, hayatelezi. Kulanti ina rangi, inateleza kati ya vidole na ina harufu ya utamutamu. Hofu ya tatu ni matone ya ekzosi asubuhi. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa takriban lita moja ya maji, na ekzosi ikiwa baridi sehemu ya mvuke huo hugeuka matone. Hayajatoka kwenye rejeta hata kidogo.

Sasa tundu lenyewe. Mpasuko mdogo ukiwa juu ya chuma cha moto hauangushi tone. Kila kinachotoka hukauka kabla ya kufika chini. Kinachobaki ni ukoko, mweupe au wa rangi ya kulanti yako: kijani, waridi au nyekundu. Tafuta ukoko huo kwa tochi. Anza na ncha za mipira pale klipu zinapobana, maana hewa ya chumvi hula klipu na ikishapata kutu hukaza upande mmoja tu. Angalia mshono wa rejeta, pale tangi la plastiki linapokutana na kiini cha alumini. Angalia chini ya pampu ya maji: kuna kitundu kidogo kilichowekwa kwa makusudi, na sili ya ndani ikianza kufa, maji hutokea hapo. Ukoko mkavu wa zamani ni wa kufuatilia. Majimaji mabichi ni ya kubadilisha pampu. Usisahau hita. Hata kama hujaiwasha tangu ununue gari, na Malindi nani ataiwasha, katika magari mengi maji hupita humo. Zulia la mbele likiwa na majimaji yenye utamutamu, au kioo kikipata ukungu wa mafuta kwa ndani, hita imetoboka.

Fundi mwenye pampu ya kupimia presha humaliza utafutaji haraka. Injini ikiwa baridi, huifunga pampu shingoni mwa rejeta na kusukuma hadi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, isizidi, kisha husubiri dakika 10 hadi 15. Sindano ikishuka, kuna tundu. Vifaa vingi vya aina hiyo huwa na kiungo cha kupimia kifuniko chenyewe, kwa hiyo mwambie akipime pia.

Sindano ikisimama imara na maji bado yanapungua, shaka huhamia gasketi ya hedi, kile kizibo chembamba kati ya bloku na hedi. Dalili zake: viputo visivyoisha kwenye rejeta injini ikiunguruma, mpira wa juu kuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha ukiwa baridi, plagi moja kuwa safi kupita wenzake, moshi mweupe unaoendelea hata injini imeshapata moto. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Utandu wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, kwa mfano, huweza kuwa unyevu tu wa gari linaloendeshwa safari fupi za sokoni. Ukiwa kwenye kijiti cha oili pia, hapo ni jambo jingine. Kipimo cha kuamini zaidi ni dawa ya bluu inayovutiwa hewa ya shingoni mwa rejeta: kwa injini ya petroli, ikigeuka manjano, gesi ya silinda imeingia kwenye maji. Usikubali hedi ibanduliwe kabla ya kipimo hicho.

Je, uogope lini? Mafundi hutumia makadirio, nayo hutofautiana. Kitangi kikishuka kutoka FULL hadi LOW kwa miezi sita au mwaka, andika tarehe na uendelee na shughuli. Ukiongeza kila mwezi, kuna tundu, litafute ukiwa na nafasi. Nusu lita kwa wiki ni kazi ya wiki hiyohiyo. Ukiongeza kila siku, gari lisitoke mjini. Cha maana kuliko kiasi ni mwendo wake: upungufu unaoongezeka kasi ni mbaya kuliko ule mkubwa uliotulia. Bandika utepe kwenye kitangi, ongeza kwa chupa yenye kipimo, na uandike kilomita.

Unachoongeza pia kina uzito. Maji ya kisima karibu na bahari yana chumvi, na chumvi hutoboa alumini vidonda vidogo vidogo huku madini yake yakijenga ukoko ndani ya rejeta. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari, au maji yaliyosafishwa yasiyo na madini, yale yaitwayo maji ya betri. Hakikisha hupewi asidi ya betri kwa jina la maji ya betri. Na maji matupu hayafai kuwa desturi. Lita 5 za nusu kwa nusu zikivuja nusu lita ukajazia maji, mara tano tu, kulanti imeshuka hadi chini ya asilimia 30, na dawa ya kuzuia kutu imeshuka nayo. Dumu la kulanti lifungwe mbali na watoto, paka na mbuzi: ile yenye ethilini glaikoli ni sumu, na utamu wake huwavuta.

Kung'oa themostati kwa sababu ya joto la Pwani hakusaidii. Katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka humo bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi.

La mwisho ni la barabarani, hasa kule Garsen na Witu ambako fundi yuko mbali. Kihisio cha joto hufanya kazi kikiwa kimezama majini. Maji yakiisha, hubaki kwenye mvuke, na geji inaweza kushuka ghafla kana kwamba mambo yamekuwa shwari. Magari mengi madogo ya Kijapani hayana hata geji, yana taa ya bluu na nyekundu tu. Ukiona geji imepanda kisha ikaanguka, au taa nyekundu imewaka, simama na uzime mara moja. Hedi nyingi haziruhusiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05 hadi 0.1, na kilomita chache za ukaidi zinatosha kuvuka hapo. Usifungue kifuniko mpaka mpira wa juu ubonyezeke kwa mkono bila ukaidi wala kuunguza. Hesabu nusu saa kwenda juu. Ukifungua mapema umeondoa jiwe ghafla, na maji ya nyuzi 115 yatageuka mvuke usoni pako. Yakishapoa, jaza polepole, washa, na uangalie yanatokea wapi kabla ya kurudi barabarani.