Si kila wimbo unaovuma una kodi nne zilezile za gitaa

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu ya Nairobi: eti nyimbo zote zinazovuma hutumia kodi nne zilezile za gitaa (chords, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja), ukizijua umetajirika. Chembe ya ukweli ipo, maana mfuatano huo umezoeleka sana katika pop ya Magharibi. Lakini benga nyingi hutosheka na kodi tatu, na gengetone (muziki wa vijana wa Nairobi) huegemea zaidi mdundo na besi. Jipimie mwenyewe ndani ya matatu (besi hapo haikosi): hesabu kodi inabadilika mara ngapi kabla ya kurudi mwanzo. Wengi huchanganywa na video zinazounganisha nyimbo zilizochaguliwa makusudi, zikapandishwa au kushushwa kimo cha sauti (pitch) ili zilingane. Zilizokataa kulingana hazikuwekwa. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.