Soriasisi ni nini, na kwa nini hutibiwa kwa mseto

Soriasisi ni ugonjwa sugu wa ngozi ambamo kinga ya mwili huisukuma ngozi ijitengeneze upya kwa kasi isiyo ya kawaida. Seli ya ngozi huzaliwa chini, hupanda taratibu hadi juu, hufa na kupukutika bila mwenyewe kuona. Kazi hiyo huchukua takribani mwezi. Kwa mwenye soriasisi huisha ndani ya siku 3 hadi 5. Seli hufika juu hazijakomaa, zikarundikana, na rundo hilo ndilo baka. Hakuna kidudu ndani yake. Haiambukizi kwa kulala kitanda kimoja, kula sahani moja wala kuazimana taulo. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu huku kwetu Kanda ya Ziwa mwenye mabaka hutengwa kwanza, maswali yakafuata baadaye. Wala si ugonjwa wa watu wachache: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 ilikadiria kuwa wanaougua duniani hawapungui milioni 100.

Baka lenyewe lina ukingo ulio wazi kiasi kwamba ungeweza kulizungushia kalamu. Ni nene, limeinuka, na juu lina magamba meupe yenye kung'aa. Haya si magamba ya sato, magumu na yaliyoshikana. Ukiyagusa kwa ukucha huvunjika na kumwagika kwenye shati. Vitabu vingi husema baka ni jekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo usiutafute sana: utaona zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea. Likipona huacha doa jeusi au jeupe linaloweza kukaa miezi, na hapo wengi huvunjika moyo wakidhani dawa imeshindwa. Pima kwa kidole. Ngozi ikiwa laini na bapa, hapo ugonjwa umetulia, kilichobaki ni rangi tu.

Hupenda viwiko, magoti, kiuno kwa nyuma, kitovu na kichwa, na mara nyingi hukaa pande zote mbili za mwili: kiwiko cha kulia kikiwa nalo, tazama na cha kushoto. Kichwani huitwa mba, lakini mba ya kawaida haijengi ukoko mnene unaovuka mstari wa nywele na kushuka kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Kwenye makwapa, kinena na chini ya matiti magamba huwa hayapo kabisa. Panakuwa laini, panang'aa, na panauma kwa jasho.

Kucha hutoa ushahidi ambao watu huupita. Tafuta vishimo vidogo upana wa ncha ya sindano, doa la rangi ya mafuta chini ya ukucha, au ukucha unaoachana na nyama yake. Mwenye kucha hizo aulizwe na viungo: asubuhi vidole vinakakamaa? Kidole kizima kimewahi kuvimba kuanzia shina hadi ncha? Hadi wagonjwa 3 katika kila 10 hupata ugonjwa wa viungo unaoambatana na soriasisi, na kiungo kikishaharibika hakirudi. Kwangu mimi hili ni zito kuliko mabaka yote.

Mbegu ya ugonjwa hurithiwa, ingawa si kila aliyerithi huugua. Kinachoiamsha kinaweza kuwa msongo wa mawazo, pombe, sigara, au dawa fulani: lithiamu, baadhi ya dawa za presha, na jamii ya klorokwini. Kwa watoto na vijana, homa ya mafindofindo inaweza kufuatiwa wiki 2 au 3 baadaye na vipele vingi vidogo kama matone, kifuani na mgongoni. Na ngozi iliyoumizwa huota baka palepale ilipoumia. Heinrich Köbner, tabibu Mjerumani, alilieleza jambo hili katika karne ya 19. Mama anayeegemea viwiko kwenye magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni, Mwanza, kutwa nzima anavilisha viwiko ugonjwa. Kijana anayenyolewa kipara kwa mashine butu, naye vilevile.

Wengi hufika kliniki wakisema fangasi imekataa dawa, na mfukoni wana tyubu iliyonunuliwa duka la dawa, yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), dawa ya fangasi na antibiotiki kwa pamoja. Steroidi iliyomo hulaza baka kwa siku kadhaa, mtu akiacha linarudi, basi fangasi inaonekana kaidi. Choa halisi mara nyingi hupona katikati huku ukingo ukiendelea kutambaa. Baka la soriasisi ni nene lote.

Sasa mseto. Kwenye malaria tunachanganya dawa ili vimelea visijenge usugu. Kwenye soriasisi hakuna vimelea, kwa hiyo sababu ni nyingine: kila dawa hugusa sehemu moja ya tatizo, na kila moja ikitumiwa peke yake kwa wingi huleta madhara. Zikiungana, kila moja huweza kutolewa kwa kiasi kidogo.

Mseto wa kawaida kabisa ni steroidi ya kupaka, kwa mfano betamethasoni, pamoja na asidi ya salisili. Asidi hulegeza magamba, steroidi ikapenya hadi chini inakohitajika. Bila kuondoa magamba unapaka ukuta. Mafuta mazito yasiyo na manukato hupakwa kila siku juu ya yote hayo. Vaselini inatosha, tusidanganyane na kopo la bei mbaya. Pale inapopatikana, kalsipotrioli, dawa ya jamii ya vitamini D, huunganishwa na betamethasoni: moja hupunguza kasi ya seli, nyingine hutuliza kinga. Lakini kalsipotrioli na asidi ya salisili zisikutane kwenye ngozi, asidi huiharibu. Steroidi kali nayo hupunguzwa baada ya wiki chache hadi siku mbili tu kwa wiki, la sivyo ngozi hukonda na kupasuka mistari.

Mabaka yakienea, mwanga huingia. Kuunganisha si jambo jipya: mwaka 1925 William Goeckerman wa Mayo Clinic, Marekani, alipaka wagonjwa lami ya makaa ya mawe kisha akawaweka kwenye mionzi ya urujuanimno. Leo mashine hutoa mionzi iliyochujwa, na asitretini, kidonge cha jamii ya vitamini A, ikiongezwa, vidonge na mwanga vyote hupungua. Mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi asitretini kirahisi, maana hatakiwi kupata mimba hadi miaka 3 baada ya kuiacha. Wako wanaosikia kwamba wenye soriasisi huenda kuoga Bahari ya Chumvi ili wapate nafuu, kisha wakaenda kuoga ziwani. Ziwa Victoria ni maji baridi, halina chumvi hiyo, na kichocho kipo.

Kwenye vidonge, methotreksati ndiyo farasi wa kazi. Humezwa mara moja kwa wiki. Narudia: kwa wiki. Walioimeza kila siku kwa kukosea wamekufa, uboho ukishindwa kutengeneza damu. Chagua siku isiyosahaulika, Ijumaa ya swala au Jumapili, na asidi ya foliki, vitamini ambayo mwili huhitaji kutengeneza damu, imezwe siku nyingine. Damu, ini na figo hupimwa kabla na baada ya kuanza, pombe iachwe, mjamzito hapewi.

Hapa ndipo mseto usiopangwa na mtu huua. Soriasisi inaweza kuanza au kulipuka kwa mwenye virusi vya UKIMWI, ndiyo maana daktari hupendekeza kipimo, na ARV zenyewe mara nyingi huituliza ngozi. Lakini mgonjwa huyo huenda anameza Septrin, dawa ya kumkinga na maambukizi, kutoka kliniki nyingine. Septrin na methotreksati zote huzuia foliki, na zikikutana damu inaweza kuporomoka. Vidonda mdomoni, homa au michubuko isiyo na sababu kwa anayetumia methotreksati ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Mtego wa pili ni prednisoloni ya vidonge. Mabaka hufifia kwa haraka ya kufurahisha, dozi ikiisha soriasisi hurudi kwa kishindo, pengine ikiwa na usaha mwili mzima au ngozi yote ikiwaka na kubanduka, mgonjwa akitetemeka kwa baridi. Huyo analazwa.

Zipo pia sindano za kibayolojia kama adalimumabu, zinazozima kiungo kimoja tu cha mnyororo wa kinga. Kifua kikuu hupimwa kabla, na bei yake wengi wetu hatuifikii. Kabla ya huko, maofisa wa ngozi waliofunzwa hospitali ya KCMC, Moshi, na kliniki za hospitali za rufaa kama Bugando wana mengi ya kufanya kwa tyubu, mafuta na methotreksati. Ukienda, beba kila unachomeza na kupaka, za presha, za kliniki nyingine na zile za mganga, vyote viwekwe mezani kabla karatasi ya dawa haijaandikwa.