Mpiga fidla na mwigizaji mkongwe kwenye viti viwili: ya kujifunza kwa Perlman na Alda

Mwanafunzi wa sanaa akiniuliza mahojiano mazuri yanasikikaje, namwelekeza kwa mpiga fidla Itzhak Perlman na mwigizaji Alan Alda. Ni marafiki, na walionekana pamoja katika filamu ya hali halisi ya mwaka 2017 inayomhusu Perlman. Baadaye Perlman akawa mgeni kwenye podikasti ambayo Alda aliianzisha mwaka 2018. Nawapenda wote wawili bila kificho, na makala hii ni ya kueleza kwa nini, kisha namna ya kuandaa mazungumzo ya aina hiyo hapa Bagamoyo, tukiwa na fidla zetu na waigizaji wetu.

Kwa ufupi kwa asiyewafahamu. Perlman alizaliwa Tel Aviv mwaka 1945, akapata polio akiwa na miaka minne, na tangu hapo hupiga fidla ameketi. Mwaka 1958, akiwa na miaka 13, alitokea kwenye televisheni ya Marekani, akabaki New York na kusoma katika chuo cha muziki cha Juilliard. Fidla yake maarufu ni Stradivarius, yaani kazi ya fundi Mwitaliano Stradivari, ya mwaka 1714, iliyokuwa ya mpiga fidla Yehudi Menuhin kabla yake. Alda alizaliwa mwaka 1936. Watazamaji walimpenda katika nafasi ya daktari wa upasuaji kwenye tamthilia ya vita vya Korea iliyorushwa kuanzia 1972 hadi 1983. Naye alipata polio, akiwa na miaka saba, ila alipona. Kwa hiyo wanapogusia maradhi ya utotoni, hakuna anayemwonea mwenzake huruma ya mbali.

Siri ya Alda katika kuuliza ilianzia kwenye kazi nyingine kabisa. Kuanzia 1993 hadi 2005 aliongoza kipindi cha sayansi, akiwahoji watafiti kwa mazungumzo ya kawaida badala ya kufuata mswada. Baada ya hapo alisaidia kuanzisha kituo katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, ambako wanasayansi hufundishwa kujieleza kwa mazoezi ya maigizo ya papo kwa papo. Kwake yeye, kusikiliza ni kuwa tayari kubadilishwa na unayemsikiliza. Mwigizaji yeyote aliyewahi kucheza bila mswada anajua maana yake: ukija jukwaani na mstari uliokwisha kuuandaa kichwani, utausema hata kama mwenzako kaufungua mlango mwingine. Vichekesho vyetu vingi huchezwa hivyo, bila mswada uliokamilika, na ndiyo maana mzee kama hayati King Majuto wa Tanga aliweza kumsubiri mwenzake amalize, atulie kidogo, ndipo atupe neno moja likaangusha watu.

Upande wa Perlman, hazina yake ni walimu wawili waliokuwa tofauti kama mbingu na ardhi. Ivan Galamian alitoa amri, na mwanafunzi akafuata. Dorothy DeLay aliuliza. Noti ikitoka chini, hakusema "panda". Alimtaka mwanafunzi aeleze mwenyewe anaionaje noti ile. Perlman amesimulia kuwa utotoni jambo hilo lilimkera, lakini leo ndivyo anavyofundisha. Weka basi mtu aliyelelewa kwa maswali mbele ya mtu aliyejifunza kuuliza, na mazungumzo yanakwenda yenyewe.

Kuna jambo lake jingine ambalo naliona la thamani kuliko hadithi zote za umaarufu: Perlman huhimiza mazoezi ya polepole. Anasema ukijifunza polepole, unasahau polepole, na hushauri dakika 50 za mazoezi zifuatwe na 10 za kupumzika. Hili ndilo la kuonyesha jukwaani. Usimwombe mpiga fidla wimbo mzima wa kujionyesha. Mwombe mistari miwili ya wimbo kwa mwendo wa nusu, kisha kwa mwendo wake halisi. Hadhira itasikia vidole vikitafuta mahali pake, upinde ukigeuka bila kukwaruza, na itaelewa kazi ya fidla kwa dakika mbili kuliko kwa maelezo ya nusu saa.

Sasa tuje nyumbani. Hapa tuna TaSUBa, taasisi yetu ya sanaa na utamaduni, na watu wa muziki na wa maigizo wanapishana kila siku kwenye viwanja vilevile, hivyo wa kuwakalisha pamoja hawakosekani. Tatizo la kwanza ni adabu, na silisemi kwa kuibeza. Kijana akimhoji mzee, baada ya "shikamoo" humwacha mzee aseme atakacho, wala hathubutu kumwambia "hapo sijakuelewa, mzee wangu". Ndiyo maana natetea muulizaji awe mwigizaji mkongwe. Yeye anaweza kumwambia mpiga fidla, "Mwalimu, hebu rudia hapo, umefanya nini na kidole kile?" na pasiwe na aliyevunjiwa heshima.

Muulizaji aje na maswali matano kwenye kadi moja, si ishirini kwenye kurasa tatu. Mwenye maswali ishirini hatazami uso wa mgeni, anatazama karatasi. La kwanza lihusu kitu kilichopo mkononi: upinde, uzi, alama kwenye ubao. Wasifu wa mgeni asome mshereheshaji kabla, kwa sekunde 30, basi. Kwa saa moja ya mazungumzo, fidla ilie mara tatu au nne, kila mara dakika moja hadi tatu. Ikizidi hapo inageuka onyesho la muziki, na mwigizaji anabaki kukaa kama mlinzi.

Viti visiwe na mikono. Mpiga fidla aliyeketi akipiga uzi mwembamba, kiwiko na upinde hushuka upande wa kulia, na mkono wa kiti utaukwaza. Hata goti la kulia hulitoa kidogo pembeni. Kiti kiwe kigumu, urefu wa kuwezesha nyayo zote mbili kukanyaga sakafu. Sofa za ukumbini ni adui: mgongo unazama, fidla inainama, sauti inaelekea sakafuni. Viti vikae kama herufi V iliyo wazi, mpiga fidla akiwa upande ambao mwili wa fidla utaelekea watu wala si ukuta.

Maiki ndiyo huharibu shughuli nyingi. Fidla hukaa bega la kushoto, kwa hiyo maiki ndogo ya kubana kwenye kola ya kushoto itasuguliwa na ubao, na watu watasikia mikwaruzo kila akiinua ala. Ibane kulia, kama sentimita 15 chini ya kidevu, au tumia ya kuvaa kichwani. Kwa ajili ya fidla yenyewe weka maiki ya pili kwenye stendi, kutoka juu, umbali wa sentimita 50 hadi 70, ikitazama matundu mawili yaliyo pembeni ya nyuzi. Ukiisogeza karibu na upinde utapata mkwaruzo wa rozini, ule utomvu mkavu unaopakwa kwenye nywele za upinde, kuliko muziki. Fundi mitambo ashushe maiki ya maneno kila fidla inapoinuliwa, maana zikiwa wazi zote mbili sauti hugongana na kuwa nyembamba. Kwenye jukwaa la wazi, upepo wa bahari hautaki mzaha: kila maiki ivae sponji. Ndani ya ukumbi, pangaboi lililo juu ya jukwaa lizimwe, kwani mapanga yake hukatakata sauti ndefu ya uzi hadi itetemeke.

Kisha unyevu. Fidla hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60, na pwani yetu, hasa masika, hupita hapo kwa urahisi. Mbao hunywa maji, vigingi vya kukazia nyuzi vikavimba na kukwama. Usivigeuze kwa koleo. Legeza uzi kidogo kidogo, toa kigingi, kipake risasi ya penseli pale kinapogusa kichwa cha fidla, kirudishe. Ala ikitoka chumba chenye kiyoyozi hali hugeuka: vigingi vimesinyaa na vinateleza, hapo chaki kidogo hushika. Fanya uzi mmoja kwa wakati mmoja. Ukifungua nyuzi zote nne pamoja, daraja, yaani kile kibao kinachobeba nyuzi, linaanguka, na kile kijiti cha ndani kinachobeba sauti kinaweza kuanguka nacho, na huyo ni mgonjwa wa fundi, si wa nyumbani. Kila ukikaza nyuzi, daraja huvutwa kuelekea kwenye vigingi. Litazame kwa upande, na uso wake wa nyuma, usiotazama vigingi, usimame wima juu ya ubao. Likiwa limeinama, lirudishe taratibu kwa vidole viwili vya kila mkono.

Upinde nao huathirika. Nywele zake hurefuka kwa unyevu, hata skrubu ikafika mwisho kabla hazijakaza. Nafasi kati ya nywele na mti, katikati, iwe kama unene wa penseli, na zilegezwe kila baada ya kupiga. Ala ifike ukumbini dakika 45 kabla, ikae nje ya mkoba izoee hewa, ndipo nyuzi zikazwe hadi sauti zake sahihi. Wala isiachwe ndani ya gari juani, kwani gundi inayoshika mbao hulainika kwa joto.

Mkiyapeleka mazungumzo haya Tanga, jambo la watazamaji liko tofauti kidogo. Masikio mengi kule yamelelewa na taarabu ya Black Star na Lucky Star, iliyoegemea magitaa, ilhali vikundi vya Zanzibar vilizoea safu za fidla. Mwalike basi mpiga gitaa kwa dakika tano, apige mstari uleule baada ya fidla. Na kama mgeni hufuata mtindo wa Kiarabu, mwigizaji amuulize kuhusu nyuzi zake: wapigaji wengi wa muziki huo huzikaza, kuanzia uzi mnene, kwa noti za Sol, Re, Sol, Re, wakati fidla ya Ulaya ni Sol, Re, La, Mi. Aonyeshe uzi wa Mi ukishushwa hadi Re, watu wasikie ala ikilainika. Hapo pana dakika kumi za mazungumzo bila kadi.

Anzeni baada ya isha, si karibu na magharibi, ili adhana isiingie katikati ya wimbo na watu wa msikitini waweze kuja. Na mkirekodi, kila maiki iwe na njia yake, msichanganye zote kwenye faili moja. Kabla fundi hajakunja nyaya, sikilizeni dakika mbili za katikati. Sauti ya mgeni ikiwa imefunikwa na fidla, bado yupo ukumbini: mwombeni arudie jibu hilo moja, na mwigizaji aulize tena swali lake akiwa amekaa palepale.