Dereva analala boda kwa kosa la ofisini

Jumatatu ya wiki iliyopita alinijia mama mmoja wa Wete, hapa ofisini kwangu Malindi, Unguja. Mwanawe anaendesha semi, Dar es Salaam mpaka Lubumbashi, Congo, akivukia boda ya Tunduma kuingia Zambia. Hata kukaa hakukaa.

"Mwanangu, leo siku ya tano mtoto yuko Tunduma. Kila nikimpigia ananambia karatasi, mama, karatasi. Hizo karatasi ni za namna gani zisizokwisha?"

Nilimjibu nilivyoweza. Lakini jibu lenyewe refu, na najua wapo wengi Unguja na Pemba wenye waume na watoto kwenye njia ile. Kazi hii ya uwakala wa forodha ninaifanya mwaka wa kumi na tisa sasa, na saba ya mwanzo nilikuwa Dar nikishughulikia mizigo ya transiti tu.

Sisi wa visiwani tunakujua kusubiri. Babu yangu alikuwa nahodha, akikaa Lamu mpaka kaskazi ianze kuvuma ndipo arudi Pemba, na hakuna mtu wa kulaumiwa kwa hilo. Dereva aliyekwama boda ni mambo mengine. Mara nyingi anasubiri kitu alichokosea mtu aliyekaa ofisini, kwenye kiti, chini ya feni.

Mzigo wa transiti ni mzigo unaopita tu. Umeshushwa Dar, unakwenda Congo, kwa hiyo Tanzania haiutozi ushuru wa forodha. Lakini serikali inataka uhakika kwamba hautashushwa njiani ukauzwa Morogoro au Mbeya. Kwa hiyo kwanza huwekwa dhamana: yupo aliyejifunga kulipa ushuru huo kama mzigo hautatoka nchini. Kisha kontena hufungwa lakiri, ile siili yenye namba inayopigwa kwenye komeo la mlango. Siku hizi huongezwa na lakiri ya kielektroniki inayoonesha gari liko wapi, na dereva akiacha njia aliyopangiwa, maofisa wanamwona kwenye skrini.

Hapo kwenye namba ndipo penye maumivu. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Ile tarakimu ya saba hupatikana kwa hesabu inayofanywa kwa herufi na tarakimu zilizotangulia. Ukikosea moja, kwa kawaida hesabu haikubali, na ukiwa makini kosa unalikamata palepale mezani. Namba ya lakiri haina kinga hiyo. Andika 6 pahala pa 9, hakuna hesabu itakayokushtua. Kosa linaondoka Dar, linapita mizani ya Vigwaza, linapanda Kitonga, linapita Makambako, kilomita zaidi ya 900, mpaka Tunduma ofisa anapoinama mlangoni na karatasi yake mkononi, akasoma.

Kosa hilo nililifanya mimi, mwaka wangu wa pili kazini. Tarakimu mbili nilizipishanisha. Ofisa wala hakuwa na ubaya: lakiri isiyolingana na hati maana yake yawezekana mlango ulifunguliwa njiani. Kurekebisha tarakimu mbili kulitaka barua, mihuri, na kontena zima kukaguliwa. Dereva wangu alikuwa mtu mzima, sawa na baba yangu, akalala boda siku nne. Usiku wa tatu alinipigia. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Bosi, kesho?"

Sikuwa na jibu, na sauti ile ninayo mpaka leo.

Siku nne si muda tu. Posho ya safari, wenyewe wanaiita mileji, mara nyingi huhesabiwa kwa safari, si kwa siku. Ikiisha, dereva anakula ya watoto wake. Hawezi kwenda kulala gesti akaliacha gari, maana mafuta yatanyonywa usiku na betri itaondoka. Analala kwenye kichwa cha gari, tingo, msaidizi wake, chini ya tela, maji ya kuoga ya kununua kwa ndoo.

Watu huniuliza, si kuna kituo cha pamoja? Kipo. Rusumo kilizinduliwa 2016, Namanga 2018, Tunduma na Nakonde, ile ya upande wa Zambia, 2019. Badala ya kusimama pande zote mbili, dereva anayetoka Tanzania anavuka na kumaliza ya nchi zote mbili Nakonde, na anayerudi anamaliza Tunduma. Kimesaidia sana, na mimi niliyeijua foleni ya zamani siwezi kusema vingine. Ila kituo kinaharakisha kazi iliyokamilika. Kama ejenti wa Nakonde hajaingiza hati kwenye mfumo wa Zambia, kituo hicho hakimsaidii dereva kitu. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini Zambia haimo, kwa hiyo mzigo unatoka kwenye Jumuiya na kuirudia tena, na katikati yote huandikwa upya, kwa mkono mwingine.

Mengine ni ya dereva mwenyewe: gari na mzigo visizidi tani 56, na kadi mbili za njano asizisahau, moja ya bima ya gari, moja ya chanjo ya homa ya manjano.

Ofisini kwangu sasa husoma watu wawili. Mmoja anashika picha ya mlango wa kontena, mwingine fomu, na wote wanasoma kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu. Wafanyabiashara wa Darajani wanaopeleka mizigo Comoro huniona nawachelewesha. Nawaomba radhi, na naendelea kusoma.

Basi yule mama nilimwambia ampigie mwanawe, apige picha tatu: lakiri, mlango, na hati zote kwa pamoja. Lakiri ilikuwa sawa. Tatizo tulilikuta kwenye uzito: ankara ilisema kilo 26,400, hati ya transiti 24,600. Mtu kapishanisha, kama nilivyopishanisha mimi. Nikampigia ejenti wao wa Dar, marekebisho yakatumwa Jumanne, na Alhamisi asubuhi kijana akavuka.

Jioni yake mama akanipigia. "Mwanangu, na huko Kasumbalesa, boda ya kuingilia Congo, nako kuna karatasi?"

Nikamwambia ziko, na kwamba picha za mwanawe ninazo.